Kidunia Chenye Mkato

Mashine ilijisasisha yenyewe Jumanne alfajiri, nikiwa nje nafagia ukuta wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Niliporudi kibandani nikakuta skrini imeandika "Tafadhali usizime", na chini ya maneno hayo duara linazunguka. Sikuizima. Nilivuta kigoda nikakaa nikaingoja, kama mtu anavyongoja maharage yaive. Ukifunua sufuria kila mara huyasaidii.

Ilipomaliza ikawaka upya. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa kimoja. Chini pembeni, pale panapokaa ile picha ndogo ya dunia inayoonyesha hali ya mtandao, sisi huiita kidunia, palikuwa na mkato mwekundu.

Kidunia kizima maana yake mtandao upo, na mtandao ukiwepo mimi sina neno juu ya maji ya ndiva. Anayegawa ni Mgawaji, akili ya chuma iliyoko mjini. Katika kila shamba la Vumwa, huku juu, na la Kirore, kule chini, umechomekwa msumari mrefu unaopima unyevu wa udongo. Misumari inamwambia Mgawaji, Mgawaji anatuma agizo kwa mashine ya kibandani, na malango ya ndiva yanafunguka yenyewe. Kazi yangu ni kufagia, kutoa majani kwenye wavu, na saa moja asubuhi kupuliza pembe mara moja, ili watu wa vijiji vyote viwili wajue leo anagawa Mgawaji.

Kidunia chenye mkato maana yake mtandao umekatika. Hapo loki inaachia gurudumu la lango, ufunguo unaoning'inia shingoni mwangu unazunguka, na ninayegawa ni mimi. Napuliza pembe mara mbili.

Ufunguo huo ulikuja kwa sababu ya mume wangu. Mwaka wa ukame mkubwa mtandao ulikatika siku tisa, na mlinzi wa ndiva alikuwa yeye, Kiangi. Maji yalijaa hadi mdomoni na malango yamefungwa, kwa kuwa agizo la kufungua halikuja. Watu walimwambia avunje loki. Akasema hajapewa ruhusa ya kuvunja. Siku ya kumi mtandao ukarudi. Mahindi hayakurudi, yetu yakiwemo. Baada ya hapo wakubwa wakatunga sheria ya ufunguo, na Kiangi alipofariki wakanivisha mimi. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja.

Basi nikapuliza mara mbili.

Watu wakaja na mabonge yao. Mgao wa mkono una taratibu zake, za tangu kabla ya mashine. Anayetaka maji haombi kwa mdomo. Analeta bonge la udongo wa shamba lake kwenye jani la mgomba, analiweka ukutani, anakaa. Mimi nalifinya. Likishikamana, mwenyewe anarudi nyumbani. Likimwagika kama unga, anaingia kwenye zamu. Kwa siku moja ndiva inatosha mashamba manne.

Mabonge manne ya unga yalikuwa yamekwisha wekwa, yote ya Vumwa, maana wa Kirore wako mbali, ndipo akatokea Eliwaza. Eliwaza ni mjane wa kaka yangu, wifi yangu.

"Umechelewa, wifi," nikamwambia.

"Nilikuwa shambani. Kuna kazi yangu ya asubuhi siiachi hata mvua inyeshe."

"Kazi gani isiyoweza kungoja siku ya maji?"

"Ya mgeni," akasema, akacheka kidogo.

Sikumwelewa, wala sikumuuliza. Nikalifinya bonge lake. Lilimwagika lote katikati ya vidole, likabaki vumbi kwenye jani.

"Kesho wewe ni wa kwanza," nikasema.

"Kesho yafaa. Maharage yametoa maua, wifi. Yana siku tatu za kunivumilia, nne hayana."

Akaliacha jani lake ukutani, kama desturi, liwe alama ya zamu yake. Nikazungusha gurudumu. Lango la Vumwa likafunguka, la Kirore likabaki limefungwa.

*

Saa tisa alasiri nilikuwa nakunywa uji mashine ikalia ting.

Ilikuwa picha. Mjukuu wangu aliyeko Morogoro amenitumia kitukuu, amekaa kwenye beseni, anacheka, jino moja. Chini yake imeandikwa: "Bibi, leo ameanza kutambaa."

Nikamtazama mtoto. Kisha jicho likashuka pembeni, na kidunia kilikuwa na mkato wake vilevile. Nikamtazama tena mtoto. Mmoja wao alikuwa ananidanganya, na mtoto ana jino moja tu.

Nikaitafuta bei ya tangawizi ya siku hiyo. Ikaja, na saa yake. Nikazima mashine, nikawasha. Mkato ule ule. Nikaenda nyuma ya kibanda nikaikagua waya kuanzia kwenye mlingoti mpaka kwenye soketi, nikaichomoa nikaipuliza vumbi nikairudisha. Taa ya soketi ilikuwa inawaka kijani kama kawaida. Mkato ule ule.

Nikampigia Ombeni kwa simu. Ombeni ni fundi wa kituo cha Mgawaji, kijana mwenye subira, ingawa huongea kama anakimbizwa.

"Bibi Nakiete, shikamoo. Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Marahaba. Hilo, mjukuu wangu, nimelifanya kabla hujaniambia, na waya nimeichomoa."

"Safi. Sasa fungua lile dirisha jeusi nililokufundisha, uandike namba ya Mgawaji. Tunabisha hodi tuone kama anaitika."

Nikaandika kwa kidole kimoja, Ombeni akingoja. Skrini ikatoa mistari minne, mmoja baada ya mwingine.

"Ameitika mara nne," nikasema.

"Mara nne kwa nne?"

"Sijasoma sana, lakini nne naijua."

Nikasikia anabofya vitu huko kwake.

"Basi mtandao upo, bibi. Haukukatika hata dakika moja. Alama ndiyo imekosea."

"Inakoseaje?"

"Mashine haina macho ya kuuona mtandao. Kila ikiwaka inatuma barua fupi kwenye nyumba moja tu, ya mbali, ya wale waliotengeneza programu yake, inangoja ijibiwe neno moja. Ikijibiwa inachora kidunia. Isipojibiwa inapiga mkato. Sasisho la leo limebadilisha anwani ya hiyo nyumba, na ulinzi wetu huku haujui anwani mpya, unaizuia barua njiani. Vitu vingine havina habari na hiyo nyumba. Picha inapita, bei inapita."

"Kwa hiyo imebisha hodi nyumba moja, ikakuta kimya, ikarudi kutwambia kijiji kizima kimehama."

"Bibi, ukichoka na ndiva njoo nikuajiri."

"Na maagizo ya Mgawaji?"

"Hayo yanafika, lakini mashine yako inaamini imekatikiwa, kwa hiyo haiyatekelezi, na loki imeachia. Mgawaji naye anaona ndiva yako iko kimya, anadhani ni siku ya mkato kama siku nyingine. Hana wasiwasi. Hajaumbwa na wasiwasi."

Nikauliza inatengenezwaje. Akasema kwa dakika tano, lakini kuna utaratibu: lazima mlinzi atamke kwa mdomo wake, "Natoa taarifa," nao wairekodi.

"Usipotamka," akaendelea, na hapo akapunguza mwendo, "mimi nimepigiwa simu na bibi anayeuliza maswali tu. Wiki ijayo kuna sasisho jingine, litairekebisha alama lenyewe. Hakuna atakayejua wewe ulijua saa ngapi."

"Na wewe?"

"Mimi nina ndiva arobaini na mbili. Nyingi leo zina mkato. Aliyenipigia ni wewe peke yako."

"Labda wenzangu hawakutumiwa picha."

"Labda, bibi."

Nikamwambia nitampigia asubuhi. Sikutamka. Lango la Vumwa lilikuwa wazi, maji yanaingia shamba la nne, nami nikayaacha yaendelee.

*

Jioni ile, jua halijazama, nikafungua orodha ambayo siku za mkato huwa haina kitu. Safari hii ilikuwa na kitu. Juu iliandikwa: "Maagizo yaliyopokelewa, hayajatekelezwa: 37." Nikayasoma kwa kuyafuata na kidole.

Kirore, kitalu cha tangawizi, unyevu 12, fungua saa mbili. Kirore, kitalu cha tangawizi, unyevu 11, fungua saa tatu. Kila saa agizo lile lile, na namba ikishuka. Lilikuwa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye watu.

Katikati ya hayo nikakuta jingine. Vumwa, shamba namba 17, unyevu 81, usifungue.

Namba 17 ni shamba la Eliwaza.

Nikatoka nje nikaliangalia jani lake la mgomba pale ukutani. Unga ulikuwa bado upo, upepo umeula nusu. Themanini na moja ni udongo wa kupandia mpunga. Nikachukua fimbo yangu nikateremka shambani kwake.

Maharage yalikuwa na maua meupe na majani yaliyojikunja. Udongo ulikuwa umepasuka nyufa za kuingia kidole. Lakini kwenye pembe ya shamba, ulipo msumari, palikuwa na kitu kingine kabisa. Pamefagiliwa. Pamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Na ndani ya mawe hayo, upana wa ungo, udongo ulikuwa mweusi, umelowa, una ukungu wa kijani. Eliwaza alikuwa amechuchumaa anang'oa kijani hicho kwa kucha. Kata yake ilikuwa pembeni.

"Karibu, wifi. Umemwona mgeni wangu?"

"Unammwagia maji?"

"Kata mbili kila asubuhi. Tangu yule bwana shamba aliposema mkutanoni kwamba Mgawaji hana macho mengine, analiona shamba kwa msumari tu. Nikajisemea, basi huyu ndiye anayepeleka habari zangu. Atazame uchafu na ukavu? Zamani mwenye mfereji mchafu si ndiye alikuwa wa mwisho kupata?"

"Ndiye."

"Na msafi wa kwanza."

"Ndiyo. Maji unayatoa wapi?"

"Kisimani, kwa akina Mruma. Nusu saa kwenda." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Sasa misimu miwili namtunza, na misimu miwili sipati hata tone. Nikasema labda hanitoshi mimi ninavyomtunza, nikaweka na chokaa."

Nikakaa kwenye jiwe. Nikamweleza polepole, kwa maneno machache, kwamba Mgawaji hatazami usafi. Anatazama nani ana kiu.

Eliwaza aliutazama ule udongo mweusi kwa muda.

"Kwa hiyo kila asubuhi nimekuwa namwambia nimeshiba," akasema.

Lilikuwa jambo la kweli, na alikuwa amekwisha lisema.

Sheria ya mashamba inasema hivi: shamba lisilovuna kitu misimu mitatu mfululizo, msumari wake unang'olewa na namba yake inafutwa kwenye ramani ya maji. Kuanzia hapo linangojea mvua, nayo mvua siku hizi huja inapotaka. Eliwaza alikuwa na misimu miwili ya sifuri. Huu ulikuwa wa tatu.

"Nikiacha kumwaga leo," akauliza, "udongo utakauka lini?"

"Mfinyanzi huu? Siku sita. Saba."

"Na ukitoa taarifa kwamba msumari una kasoro?"

"Wakaguzi huja baada ya siku kumi na nne."

"Nikiuhamisha mimi?"

"Wanakufuta siku hiyo hiyo. Mkulima hagusi msumari."

"Basi kuna kesho," akasema Eliwaza, akasimama. "Kesho mimi ni wa kwanza. Si ndiyo, wifi? Mkato bado upo?"

"Mkato bado upo," nikasema.

Ulikuwepo. Hilo halikuwa uongo, na nilipokuwa napanda kurudi nilijua kwa nini nimelisema namna ile.

*

Jumatano asubuhi, saa moja bado, nilimkuta Senkondo amekaa kwenye ukuta wa ndiva. Senkondo ni mzee wa Kirore, aliyekuwa rafiki wa Kiangi tangu ujana wao, kwa hiyo mimi ni shemeji yake. Kutoka kwao kuja juu ni mwendo wa saa nzima, naye ana goti bovu.

"Umekuja kuiba ndiva?" nikamuuliza.

"Nimekuja kuipima kama inaingia mfukoni. Shikamoo shemeji, ingawa mimi ndiye mkubwa."

"Marahaba. Mkubwa wa maneno. Tangawizi haijambo?"

"Imelala. Ile miche ya kitaluni jana mchana ililala kama walevi, jioni haikuamka." Akalinyoosha goti. "Sikuja kugombana. Huko chini upepo unauibaiba mlio wa pembe, nikataka leo niusikie mwenyewe. Vijana wetu jana walitaka kupanda na makelele. Wanasema huku juu kuna ujanja. Nikawaambia, kaeni chini. Mke wa Kiangi akipuliza mbili, ni mbili. Yule mtu aliacha mahindi yake mwenyewe yakauke."

"Wakakaa?"

"Wakakaa. Leo pia ukipuliza mbili watakaa."

Nikaingia kibandani. Kidunia kilikuwa na mkato. Nikafungua dirisha jeusi nikabisha hodi. Mgawaji akaitika mara nne. Orodha ya maagizo ilikuwa imefika 54. Kitalu cha Kirore, unyevu 7.

Nilikaa pale kwa muda nikiangalia kile kidude chekundu kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama. Hakuna mtu ambaye angeweza kunishika kwa lolote. Skrini ilisema mtandao haupo. Loki ilisema hivyo hivyo. Pembe tu ndiyo ilikuwa bado haijasema, na pembe ni mdomo wangu.

Nilimfikiria Kiangi. Kwa miaka mingi nilimwona kama mtu aliyekosea kwa kutovunja loki, nami sikuwahi kumwambia. Bado naona alikosea. Lakini ufunguo ulitoka hapo. Watu walipewa ufunguo kwa sababu walimwona mtu asiyedanganya hata kwa faida yake, wakasema mtu kama huyo anaweza kuachiwa maji mkononi. Siku Kirore wakijua kuwa mbili yangu ilikuwa ya uongo, mkato wa kweli ukija watapanda na majembe, wala hawatakuwa wanakuja kulima.

Nikatoka. Watu wa Vumwa walikuwa wamekaa na majani yao. Eliwaza mbele kabisa.

Nikapuliza mara moja.

Nikaishusha pembe. Walikuwa wananitazama midomo, wakingoja.

"Bibi, umesahau ya pili," mtu mmoja akasema.

"Sijasahau."

Nikawaambia yote, hapo hapo, Senkondo akisikia. Picha ya mtoto. Saa tisa ya jana. Barua inayozuiliwa. Nikawaambia kwamba kuanzia saa tisa hadi magharibi lango liliendelea kumwaga Vumwa na mimi najua, na kwamba hilo ni langu, si la mashine. Kisha nikampigia Ombeni na simu nikaiweka sauti ya juu.

"Natoa taarifa," nikasema.

Ombeni akairekodi. "Imepokelewa, bibi."

Hazikufika dakika tano. Mkato ukafutika, kidunia kikabaki kizima, na loki ikalia ta! kwenye gurudumu. Lango la Kirore likapanda lenyewe, maji yakaingia mferejini yakiwa na sauti. Senkondo alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

Eliwaza alikuwa bado amekaa.

"Umeniua, wifi," akasema, bila kupaza sauti.

"Inuka," nikamwambia. "Lete jani lako. Na wewe shemeji njoo na goti lako. Nyote njooni."

Tukateremka namba 17, watu kama ishirini. Nikachimbua bonge katikati ya maharage nikampa Senkondo alifinye, kwa kuwa mkono wake ni wa Kirore na hauna wifi shambani humu. Likamwagika.

"Hii ukiichekecha unapika ugali," akasema.

"Sasa lifinye na la pale penye msumari."

Akafinya. Maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akautazama mkono wake, akayatazama mawe ya chokaa, akamtazama Eliwaza. Alianza kucheka, akaona uso wa Eliwaza, akaacha.

Nikaushika msumari kwa mikono miwili.

"Bibi, ufunguo!" mtu akapiga kelele.

Kila mtu anaijua hiyo sheria. Mlinzi wa ndiva akigusa msumari wa shamba lolote, ufunguo unamtoka siku hiyo hiyo. Ni sheria nzuri. Bila hiyo walinzi wangehongwa, na kila msumari ungeishia juu ya jiwe kavu.

"Najua," nikasema.

"Shemeji," Senkondo akasema kwa sauti ya chini, "Kiangi asingefanya hivi."

"Asingefanya. Angesema hajapewa ruhusa."

Nikaung'oa. Ulikuwa mzito, umeshikwa na matope. Nikaufuta kwa kanga yangu, nikahesabu hatua sita kwa sauti, wote wakisikia, nikauchomeka katikati ya maharage, mahali ambapo hapakuwa pakavu kuliko kwingine wala pabichi kuliko kwingine. Taa yake ikapepesa mara tatu.

Kisha nikauvua ufunguo shingoni. Sheria inasema ukimtoka mlinzi wa kijiji kimoja unakwenda kijiji cha pili. Senkondo aliupokea, akaupima mkononi, akasema macho yake hayawezi skrini, atampa Nambike, mke wa mwanawe, ambaye ana akili na hapendi kusumbuliwa.

"Mwambie aje jioni nimwonyeshe dirisha jeusi," nikasema.

Ombeni alipiga simu mchana. Alikuwa na fomu ya kujaza, na sauti ya mtu ambaye hakupenda kuijaza.

"Sababu ya kugusa msumari, bibi. Niandike kwamba ulikuwa umeharibika? Ukiwa umeharibika adhabu inaweza kufikiriwa."

"Haukuharibika. Ulikuwa unasema kweli ya pale ulipowekwa. Andika nimeuhamisha hatua sita, mbele ya watu."

"Nimeandika." Nikasikia anavuta pumzi. "Leo asubuhi wamenipigia walinzi tisa, bibi. Kuna mtu wa kwenu amewapigia ndugu zake."

Namba 17 ilisomeka 8. Mgawaji aliiweka nyuma ya kitalu cha Kirore na mashamba mengine mawili, kama inavyostahili, na saa kumi alasiri kilango cha Eliwaza kikafunguka. Upande wa juu wa shamba maua yalikuwa yamekwisha anguka. Upande wa chini yalikuwa bado yameshika. Nusu ya maharage si sifuri, na sheria inahesabu sifuri.

*

Alhamisi niliamka saa ile ile, kwa mazoea, nikakuta sina pa kwenda. Nikawasha moto nikabandika uji.

Eliwaza alikuja uani kabla ya saa moja. Hatukuwa tumesemezana tangu shambani. Alikuwa na jani la mgomba, akaliweka mapajani mwangu bila neno, akakaa kwenye kigoda cha pili. Nikalifinya bonge. Likashikamana, likabaki na alama za vidole vyangu vyote vitano.

"Umeacha kumwagia?" nikamuuliza.

"Nimeacha. Lakini nimemfagilia. Huo si uongo?"

"Huo ni usafi."

Saa moja ikafika. Pembe haikulia. Majirani wakatoka milangoni wakatazama upande wa ndiva. Uji ukaanza kuchemka, nikauepua, bado kimya.

"Nambike wa watu amechelewa," akasema Eliwaza. "Au amelala?"

"Hajalala. Anabisha hodi kwanza."

Tukakaa. Kisha pembe ikalia, mara moja, ndefu, ya mtu asiyeizoea, ikikwaruza mwishoni. Eliwaza akainua kidole. Tukangoja ya pili.

Haikuja.